Kuloweka mbegu ya mpunga: niliua ndoo mbili ndo nikaelewa

Msimu wangu wa kwanza kulima mpunga mwenyewe huku Ifakara (kabla ya hapo nilikua nalima kwa simu, yani natuma hela narudishiwa stori) niliambiwa tu mbegu inalowekwa, basi. Nikachukua ndoo mbili nikamimina mbegu ya SARO 5 (aina ya mpunga), nikajaza maji hadi juu, nikabana mifuniko, nikaenda zangu msibani Mahenge. Nimerudi siku ya nne. Maji yana povu na utelezi kama bamia, harufu unaipata toka barabarani, na punje ukiibonyeza inatoka uji mweupe. Bibi jirani, aliyelima bondeni toka hajaolewa, akachungulia akasema "mwanangu, hii ni mbegu au unatengeneza togwa?"

Sasa nilichokua sijui ni kwamba mbegu inapumua. Ikiwa kavu inapumua kidogo sana kama mtu aliyelala, ikishanywa maji inaamka na inataka hewa nyingi, alafu wewe umeizamisha na kuifunga mfuniko juu! Ndani ya maji yaliyosimama hewa inaisha upesi, vijidudu vinaanza kazi, inachacha. Kwaiyo siku hizi kazi ya kuloweka mi naigawa mara mbili, kuna muda wa kunywa maji na kuna muda wa kupumua, na ukichanganya hiyo miwili umeumia.

Kabla ya yote nachambua mapepe (punje tupu zisizo na kitu ndani) kwa maji ya chumvi. Ndoo ya lita 20, maji nusu, unatupia yai bichi la kuku lisilokaa siku nyingi, linazama. Unatia chumvi unakoroga, unatia unakoroga, inaweza kwenda hata kilo moja na nusu, mpaka yai lipande juu na kuonyesha kichwa. Hapo toa yai mwaga mbegu koroga. Zinazoelea ni mapepe na punje nusu, chota peleka kwa kuku, zilizozama ndo mbegu. Mwaka wa kwanza kufanya hivi iliniuma kuona nachota punje nyingi vile, ila zile nyepesi hata zikiota zinatoa mche kama uzi. Alafu SUUZA, mara mbili tatu kwa maji safi, usije ukaziacha kwenye chumvi zikalala humo. (Na kama mbegu yako ya dukani imeshapakwa dawa, ile yenye rangi, habari ya kuku isahau kabisa, wala maji yake usimwage karibu na kisima.)

Baada ya hapo ndo kuloweka kwenyewe, saa 24 kwa joto la huku kwetu linatosha. Mi nalala nazo usiku mmoja, asubuhi namwaga maji naweka mengine, jioni natoa. Wenzetu wa sehemu zenye baridi wanaweza kwenda hadi saa 36. Usiangalie saa tu lakini, angalia punje: iliyoshiba maji ganda lake linakua kama linapitisha mwanga, na kwenye ncha moja unaona kiini kimekua cheupe kimevimba kidogo. Ukiona hivyo toa, kuendelea kuiacha majini haiongezi kitu.

Ukishatoa unachuja maji yote, unaweka kwenye gunia la katani au unazifunga kwenye majani ya mgomba, kivulini, unafunika. Huku ndo kuvundika, na ndo sehemu watu wanaharibu zaidi kuliko hata kuloweka. Mimi hasara yangu ya pili (msimu uliofuata, eti nimeshakua mjuzi) nilivundika kwenye kiroba cha plastiki, juani, nikiwaza joto likizidi ndo zitaota haraka. Zikaiva. Mbegu zikirundikwa zinatoa joto lenyewe, huhitaji kuliongezea jua. Sasa hivi kila baada ya saa sita au nane nazamisha mkono hadi katikati ya gunia, likiwa na vuguvugu kama mwili wa mtu sawa, likiwa kama mtoto mwenye homa natandaza, napindua, nanyunyizia maji kidogo alafu narudishia. Ni nyunyizia jamani, sio mwagia.

Kuna alama moja hakuna mtu aliyenifundisha, nimeiona mwenyewe. Mpunga ukiota ukiwa na hewa, unatoa kamzizi na kachipukizi vyema, ila ukiona chipukizi jeupe limerefuka peke yake na mzizi hamna, jua mbegu zako zimezama kwenye maji, zinahangaika kutafuta hewa juu. Chuja haraka, tandaza.

Kati ya saa 24 na 48 toka uanze kuvundika utaona vincha vyeupe vimechungulia. SIMAMA HAPO. Milimita moja mbili inatosha. Ukisubiri mizizi irefuke itashikana kama nywele, na wakati wa kuzitenganisha unakatakata yote.

Faida yake nini? Nilisia kitalu changu siku moja na jirani aliyesia kavu. Changu siku ya tatu kina kijani, cha kwake kilichukua zaidi ya wiki na zikatoka kwa kupishana, nyingine kubwa nyingine ndo kwanza zinachungulia, na kwelea kwelea walishakula sana hapo katikati. Kwa sisi wa bondeni hiyo wiki sio ndogo, maana maji makubwa ya mwezi wa tatu na wa nne yakikuta mpunga mfupi yanaufunika. Na kwa wanaolima kilimo shadidi, yani wale wanaohamisha mche wa siku 8 hadi 12, ukiwa na miche isiyolingana utaanzia wapi?

Ila tahadhari. Haya yote ni kwa kitalu chenye tope au jaruba lenye maji. Kama unamwaga mbegu kwenye udongo mkavu unasubiri mvua, USIPELEKE mbegu iliyochipua, mbegu ikishaamka hairudi kulala, mvua ikichelewa siku nne umepoteza zote. Huko loweka kwa muda wa masaa 12 tu, usivundike, anika kivulini hadi zisigandane mkononi, sia upesi.

Kingine hesabu siku zako kwa kurudi nyuma. Kuchambua, kuloweka na kuvundika ni kama siku tatu, kwaiyo kitalu kiwe tayari kwanza. Mwaka jana mimi niliahidiwa pawatila (katrekta kadogo ka kusukuma kwa mkono) itakuja jumatatu, nikavundika jumamosi, na pawatila ikaja jumatano! Vincha vimeshachungulia na shamba halijaguswa. Nikazimwaga zote kwenye turubai chini ya mwembe, tabaka jembamba kabisa ili zipoe, nikawa nazipitishia maji kidogo asubuhi na mchana zisikauke. Zilidumaa tu hivo hivo, jumatano jioni nikasia kwa tochi ya simu, mke wangu ananicheka, na zilishika.