Uliza Tujibu: Simbilisi wako si panya, na ana ndugu wa kilo 60

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mi nafuga simbilisi jikoni hapa Njombe. Jike mmoja kabeba mimba zaidi ya miezi miwili mpaka jirani akaanza kusema huyo hana mimba ni kitambi tu, juzi kazaa wawili wakubwaa, wana manyoya, macho wazi, na leo nimewakuta wanatafuna majani. Hii ni kawaida kweli? Halafu dume langu anachechemea, fizi zinatoka damu, hataki kuguswa. Nawapa pumba na mahindi tu maana kiangazi hiki majani shida.
Mfugaji, Njombe

JIBU: Hongera kwa uzazi, watoto wako wazima kabisa. Mimba ya simbilisi inakwenda siku 59 hadi 72, wakati panya wa kawaida anamaliza kwa wiki tatu tu na sungura kwa mwezi mmoja, ndio maana jirani kachoka kusubiri. Panya anazaa vitoto vya pinki, vipofu, havina hata nywele. Simbilisi yeye mtoto anamlea tumboni mpaka akamilike, anatoka na meno yake kabisa, anaweza kukimbia siku hiyohiyo, na akianza kutafuna majani siku ya pili usishtuke, ila mwache anyonye. Mama ana chuchu mbili tu, kwa hiyo wawili watatu wanamtosha.

Sasa huyo dume ndo anatakiwa kuhudumiwa leo, sio kesho. Dalili unazozieleza ni za kiseyeye, yaani kukosa vitamini C. Wanyama wengi wanaitengeneza wenyewe kwenye ini, mbuzi wako anatengeneza, panya anatengeneza, lakini simbilisi hana kile kimeng'enya cha kumalizia kazi, kama sisi binadamu tu, ikikosekana kwenye chakula basi viungo vinavimba, fizi zinavuja damu, na ndani ya wiki chache anakufa. Na hiyo lishe yako ya nafaka tupu ina historia yake: mwaka 1907 Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wanatafuta chanzo cha ugonjwa wa beriberi, wakawalisha simbilisi nafaka peke yake, badala ya beriberi wakapata kiseyeye, na huko ndiko njia ya kuijua vitamini C ilikoanzia. Kwa hiyo mpe pilipili hoho, mapera, sukuma wiki, nyasi mbichi kila siku hata kidogokidogo, na mtafute bwana mifugo amwone, huyo tayari ana maumivu. Chakula cha dukani cha sungura hakitakusaidia kwa hili maana sungura anajitengenezea vitamini C mwenyewe. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya usimpe kabisa, yana sumu.

SWALI: Nimeona video ya kapibara anaoga na watu wanasema eti ni ndugu wa simbilisi. Mbona mkubwa kama mbuzi? Na hao simbilisi asili yao ni wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni ndugu wa familia moja kabisa. Kwao wote ni Amerika Kusini. Simbilisi wa kufugwa ametokana na simbilisi pori wa Peru, kitaalamu Cavia tschudii, na watu wa milima ya Andes wamekuwa wakimfuga kwa nyama si chini ya miaka 4000. Kapibara ndo mgugunaji mkubwa kuliko wote walio hai (wagugunaji ni kundi pana la wanyama wa meno ya kuguguna, panya na simbilisi wote wamo), kilo 35 mpaka 60 na ushee, ana utando kati ya vidole, anaishi kwa makundi pembeni ya maji na hatari ikitokea anazama, anaweza kukaa chini dakika kama tano. Ukimcheki vizuri ni simbilisi yuleyule, hana mkia wa maana, vidole vinne mbele vitatu nyuma, meno yanaota maisha yote.

Familia hii imejaribu kila aina ya maisha bana. Kuna mnyama anaitwa mara, wa Argentina, ana miguu mirefu kama digidigi, dume na jike wakishaoana hawaachani, watoto wa familia nyingi wanawekwa kwenye shimo moja na kila mama akija ananyonyesha wa kwake. Kuna yule wa miambani, Kerodon, kwenye nchi kame ya kaskazini mashariki mwa Brazili, maisha yake na ya pimbi wetu huwezi kutofautisha sana ingawa hawana undugu wa karibu. Na anayenisikitisha mimi ni Cavia intermedia, yuko kwenye visiwa vya Moleques do Sul peke yake duniani, karibu na Florianópolis, jiji la kusini mwa Brazili, alitambuliwa kuwa spishi yake mwaka 1999 na wako kama 40 hivi wote kwa ujumla. Moto mmoja tu ukishika zile nyasi, basi.

Ndugu wa mbali kidogo, nje ya familia hii, wako hapahapa Afrika: ndezi, nungunungu na fuko uchi. Ndezi naye anabeba mimba karibu miezi mitano na kuzaa watoto wenye manyoya na macho wazi. Visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) vya kale kabisa vya jamaa hawa wa Amerika Kusini vimepatikana Peru, vina kama miaka milioni 41, na wataalamu wengi wanaona mababu zao walivuka kutoka Afrika juu ya magogo na mimea iliyong'oka, wakati Atlantiki ikiwa nyembamba kuliko leo.

SWALI: Nimchanganye simbilisi jike na dume akiwa na umri gani?
Kijana, Iringa

JIBU: Kama una mpango wa kumzalisha usimchelewesheee, afikishe miezi mitano hivi akiwa amenona vizuri basi mchanganye, isipite miezi sita au saba. Mifupa ya nyonga inatakiwa ifunguke wakati wa kuzaa, na jike ambaye hajawahi kuzaa mpaka umri huo nyonga inakaza, halafu wale watoto wakubwa tuliowasema hapo juu hawapiti, anakufa yeye na wao. Na watoto wa kiume watoe kwa mama wakifika wiki tatu, wanapevuka mapema kuliko unavyodhani.