Laki nane kwa mwezi ili uonekane Google: kabla hujalipa, nisikilize mimi niliyelipa

Juzi usiku natoka kuoga, simu inalia WhatsApp. Dada mmoja wa Morogoro, mpambaji wa kumbi za harusi, ananiandikia: "Shikamoo kaka. Kuna kijana anasema atanipandisha Google kwa laki nane kwa mwezi, mkataba wa mwaka. Hii bei ni halali au napigwa?" Akaambatanisha profoma. Nikaifungua taulo likiwa bado kiunoni. Mistari mitatu tu: "SEO kamili", "Linki 500", "Ukurasa wa kwanza ndani ya siku 30". Chini yake jumla. (SEO ni kazi ya kuitengeneza tovuti ili Google ikupandishe kwenye matokeo bila kulipia tangazo; linki ni viungo kwenye tovuti za wengine vinavyomleta mtu kwako.)

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Ndugu wa tumbo moja wa profoma ile yuko kwenye droo ya ofisi yangu hapa Tabata tangu mwaka 2022.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi napuliza dawa za wadudu. Kunguni, mende, mchwa, na siafu mvua zikianza. Nilianza na pampu moja ya mgongoni na barakoa ya kuazima. Leo nina vikundi vitatu vya vijana na Noah moja iliyochoka ila haijawahi kuniangusha. Najivunia, sifichi. Lakini katikati hapo kuna shimo nililotumbukia kwa miguu yangu mwenyewe, na ndilo nataka kulisimulia.

Mwaka 2022 kazi ilikuwa inakuja kwa mdomo tu, jirani anamwambia jirani. Nikaona wenzangu wanaonekana Google, mimi nina tovuti ya bei ya kutupa ambayo hakuna anayeifungua zaidi yangu. Nikatafutiwa mtaalamu. Tulikutana kwenye mgahawa mmoja Mikocheni: kompyuta imejaa stika, Kiingereza kingi, juisi nimelipa mimi. Akanionyesha grafu ya mteja wake mwingine, inapanda kama ngazi za ghorofa. Bei yake laki sita na nusu kwa mwezi, na miezi mitatu inalipwa mbele. Hiyo ni 1,950,000, na mimi sikuwa nayo.

Mama watoto alikuwa na zamu ya kupokea mchezo. Watu kumi, laki mbili kila mmoja, milioni mbili kamili. Nikamwomba. Hakuniuliza maswali, akanipa, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Angeniuliza moja tu, "huyo mtu atafanya nini hasa?", ningekosa jibu, na hela ingebaki kwenye pochi yake.

Risiti ya EFD niliulizia mwezi wa kwanza, akasema mashine mbovu. Sikuulizia tena.

Miezi iliyofuata haina simulizi. Kila tarehe 30 napokea ripoti, kurasa kumi na nne, kijani tupu. Ukurasa wa tatu una jedwali: neno upande huu, nafasi upande ule. Nafasi ya 1, nafasi ya 1, nafasi ya 1. Nikaitupia kwenye grupu la familia, shemeji akaweka vidole vya pongezi. Wateja wakawa wale wale wa jirani kamwambia jirani. Nikajipa moyo kwamba mambo mazuri hayataki haraka, nikalipa mwezi wa nne na wa tano.

Siku ya siku ikawa Kimara, kwa bibi mmoja mwenye vyumba vinne na kunguni wa kutosha vyumba kumi. Magodoro yako juani, kijana wangu anapitisha tochi kwenye mishono, mimi nachanganya dawa. Mjukuu wa bibi, yuko kidato cha tatu, akanisogelea: "Anko, mbona nyie hampo Google? Nilitafuta nikapata wengine, hawakupokea simu. Ndo bibi akapewa namba yako kanisani." Nikamjibu kwa kujiamini kwamba tupo, tena wa kwanza. Akanipa simu yake. "Haya tafuta."

Nikavua glavu moja, nikaandika "dawa ya kunguni Kimara". Ukurasa wa kwanza hatupo. Wa pili hatupo. Nilikwenda mpaka wa tano, jasho linanitiririka ndani ya ovaroli, mtoto wa watu ananiangalia.

Usiku ule niliifungua ripoti na, kwa mara ya kwanza, nikayasoma yale maneno yenyewe badala ya rangi. Neno la kwanza: jina la kampuni yangu. La pili: jina la kampuni yangu na Dar es Salaam. La tatu: jina la kampuni yangu na Tanzania. La nne, jina lile lile limekosewa herufi moja. Jamani, mwenye jina lile Tanzania nzima ni mimi. Ningekuwa wa ngapi? Nililipa 3,250,000 kushinda mbio ambazo nilikuwa nakimbia peke yangu.

Nilipompigia akaniambia "SEO ni mchakato, bro". Nilipomwambia basi tuachane, ndipo nikajua domeini, yaani anwani ya tovuti yangu, imeandikishwa kwa jina lake na akaunti zote za Google zimefunguliwa kwa barua pepe yake, na kuzihamisha kuna "gharama kidogo". Gharama kidogo ilikuwa laki tatu na miezi miwili ya kubembeleza. Mtu mzima nabembeleza funguo za duka langu.

Aibu kubwa kuliko hela ni kwamba ujanja ule ninaujua kwenye fani yangu mwenyewe. Mteja akinipigia na kusema "nataka bei ya kupuliza nyumba", sitaji bei. Nauliza vyumba vingapi, vitanda vya mbao au vya chuma, kuna mtoto mchanga, kuna kuku, mlishapuliza dawa gani. Na nikisikia mwenzangu anamwahidi mtu kwamba kunguni wataisha kwa siku moja, namwita tapeli hadharani, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai. Ukipuliza leo, wakubwa wanakufa, mayai yanaanguliwa ndani ya wiki moja au mbili, na usiporudi kupuliza tena unaanza upya. Hayo nawahubiria wateja kila siku. Halafu mtu ananiahidi ukurasa wa kwanza ndani ya siku 30, namhesabia hela.

Google wenyewe, kwenye mwongozo wao kwa watu wanaotaka kuajiri mtu wa SEO, wanasema hakuna awezaye kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba kazi hii kwa kawaida huchukua kati ya miezi minne na mwaka ndipo uone matunda. Mwongozo ni wa bure. Mimi niliusoma baada ya kupigwa. Hawapokei hela ili wakupandishe kwenye matokeo ya kawaida. Unalolipia Google ni tangazo, na tangazo lina alama yake juu. Kuna wajanja wanakuwekea tangazo la elfu chache siku ya kukutana, unajiona juu kabisa, unadhani ni SEO, unasaini. Tazama hiyo alama.

Na usijitafute ukiwa ofisini kwako. Google hutoa matokeo kulingana na mtafutaji alipo, na kwenye ramani ndiyo zaidi, umbali unahesabika. Mimi nikiwa Tabata kwenye kiti changu nilikuwa mfalme. Kimara, kilomita chache tu, sijulikani.

Sasa turudi kwenye bei, maana ndilo swali la dada yetu. Mwaka 2023 nilimpata binti mmoja aliyekuwa ametoka chuo, anafanyia kazi nyumbani kwao Ubungo. Kabla ya kutaja shilingi alikaa na mimi saa mbili akiniuliza maswali, na maswali yake yalikuwa kama yangu ya vyumba na kuku. Wateja wako wanatoka maeneo gani? Wakikupigia wanasema neno gani la kwanza? Hapo nikajishtukia. Yule bwana wa kwanza aliandika tovuti nzima kwa Kiingereza cha kampuni, na mimi katika miaka yangu yote sijawahi kupokea simu ya mtu anayesema Kiingereza kile. Wanasema "nina kunguni". Wanasema "mchwa wanakula mlango". Binti akasema basi hayo ndiyo wanayoandika Google.

Profoma yake ilikuwa laki nne na nusu kwa kazi ya mara moja, kisha laki moja na nusu kwa mwezi kwa miezi mitatu, jumla laki tisa. Lakini sikukubali kwa sababu ya unafuu, hapo tuelewane. Nilikubali kwa sababu kila mstari ulikuwa na kazi ninayoweza kuikagua kwa macho. Kufungua Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji, kwa barua pepe yangu, yeye akipewa ruhusa ya kuingia tu. Kuandika kurasa tano za Kiswahili, moja ya kunguni, moja ya mchwa, na kadhalika. Kupunguza uzito wa picha, maana picha ya mbele peke yake ilikuwa MB 6, mteja mwenye bando la mia tano hawezi kuisubiri. Kurekebisha wasifu wa biashara kwenye ramani ya Google, ambao ni bure kabisa na ambao yule wa kwanza hakuugusa. Alama yetu ilikuwa imekaa juu ya gereji ya jirani, na fundi pale alishachoka kuulizwa habari za mende.

Na linki. Search Console ina sehemu inayokuonyesha tovuti zinazokuelekezea linki. Tulipoifungua tukakuta mamia, kutoka tovuti za kamari na za matairi, kwa lugha ambazo hata binti hakuzitambua. Ndizo "linki" nilizolipia. Google walianza kuzibana linki za namna hiyo tangu mwaka 2012, waliposasisha mfumo wao wa kupanga matokeo kwa sasisho lililoitwa Penguin. Zikibahatika zinapuuzwa, zisipobahatika zinakushusha. Nililipa ili nichafuliwe. Kwa hiyo mtu akikuandikia "linki 500" bila kusema zinatoka wapi, muulize zinatoka wapi. Akikwepa, ondoka. Akikwepa kwa Kiingereza, ondoka haraka zaidi.

Miezi mitatu ya kwanza kimya. Binti alishaniambia itakuwa kimya, ila nilikaribia kumfukuza mwezi wa tatu, Mungu anisamehe. Mwezi wa tano akapiga simu mama mmoja wa Goba: "Nimewaona Google, nina kunguni." Nilimwomba arudie. Siku hizi kwa wiki simu kama hizo hazipungui sita, na mama watoto alirudishiwa milioni zake mbili na kitenge juu.

Kwa hiyo ndugu yangu mfanyabiashara, kariri haya hata ukisahau mengine yote. Domeini iwe kwa jina lako. Barua pepe iwe yako. Nywila uwe nayo wewe. Najua nimerudia jambo moja mara tatu, na nitalirudia mara ya nne: vitu vyako viwe vyako, hata kama mtaalamu ni mtoto wa dada yako. Mwambie akutajie maneno atakayofanyia kazi kabla hujalipa, na kama lolote kati yake ni jina la kampuni yako, lifute. Miezi mitatu kwanza, usisaini mwaka. Na risiti ya EFD, jamani. Mtu mwenye mashine mbovu mwezi mzima ana kingine kibovu pia.

Tunapenda njia ya mkato sana sisi. Tunaona aibu kumuuliza mtu mwenye kompyuta "sijaelewa, rudia", wakati fundi bomba tunamsimamia kichwani mpaka koki ya mwisho. Muulize. Unamlipa.

Dada wa Morogoro nilimwandikia amuulize kijana mambo matatu: maneno gani, kurasa nani ataziandika, na akaunti zitakuwa kwa barua pepe ya nani. Jana jioni akanirudia. Kijana kajibu, "Hayo ni ya kitaalamu dada, wewe subiri matokeo." Kisha, bila kuombwa, akashusha bei kutoka laki nane mpaka laki tatu na nusu. Na dada ananiuliza: "Sasa hapo si nafuu kaka?"

Safari hii sikuandika, nilipiga. Nikamuuliza, katika hizo laki nne na nusu alizokata, ni kazi gani ameipunguza? Akanyamaza. Nyuma yake nasikia pampu ya baluni inavuma, kuna harusi Jumamosi. Akasema, "Ngoja nimuulize."