Kabla hujasema piano ya watu ni mbovu

Jana studio moja huku Ntinda, Kampala, nimemkuta dogo wa tarumbeta anasukuma ndani slaidi ya kutuni, lile bomba la kulinganisha sauti, mpaka mwisho ili alingane na Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis, inayolia kwenye simu yake, eti anajiandaa kurekodi. Banange! Wadogo zangu mnanizeesha. Haya, kaeni.

1. Pistoni zipake mafuta nyumbani, sio teki ya kurekodi ishaanza.

2. Tuni na piano iliyoko chumbani. Hili nalijua kwa aibu. Miezi sita nilipiga na kaseti ya hiyo albamu, upande wa kwanza tu, kila jioni, mpaka watoto wa jirani wakawa wanaimba besi. Sikujua kwamba tarehe 2 Machi 1959 kule New York mashine ya tepu ilikuwa inazunguka polepole, kwa hiyo ukiicheza tepu kwa spidi ya kawaida nyimbo tatu za upande huo zinapanda shapu kidogo, yaani juu ya sauti yake halisi, na walikuja kurekebisha miaka ya 1990 kwa tepu ya akiba. Kaseti yangu ilitokana na sahani ya santuri ya zamani. Sasa sikio lishazoea ushapu, nikaingia studio na wenzangu watatu, piano, besi na dramu, tumechanga hela ya studio kwa saa nne, teki ya kwanza tu nikasimamisha watu: piano iko flati, iko chini! Mpiga piano, mzee mmoja mpole wa kwaya, akaniambia mwanangu hebu vuta slaidi nje. Nikamjibu sikio langu limefundishwa na Miles Davis. Nilisema hivyo kweli, mbele za watu. Nikang'ang'ana mpaka fundi wa piano akaja na boda, akapima nota moja moja, akanitazama, akafunga mkoba akadai hela yake. Saa mbili zimeyeyuka, midomo imekufa, tukatoka na wimbo mmoja, na humo niko juu ya wenzangu mwanzo mwisho. Yule mzee tukikutana kwenye gigi ananiinamia: "Mheshimiwa, leo piano umeipitisha?"

3. Ukiweka myuti ya Harmon, kile kizibo cha kupunguza sauti ya tarumbeta, hasa ukichomoa kibomba chake cha katikati kama Miles, sogelea maiki mpaka uone aibu.

4. Mate kwenye kitambaa. Kapeti ni ya watu.

Na wewe wa jana, najua unasoma, ile slaidi ukiiacha ndani itakwama, na mimi sina koleo.