Shangazi, nimjazie rafiki yangu hela ya safari kimya kimya?

"Shikamoo shangazi. Mimi ni mwongozaji msaidizi kwenye Mlima Kilimanjaro, naishi Soweto, Moshi. Tuko wasichana watatu, marafiki tangu kidato cha kwanza. Kwa miaka miwili tumeweka kibubu ili Aprili hii, masika yakipunguza kazi za mlimani, tuzunguke Asia kwa treni na mabasi: Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam. Mweka hazina ni mimi. Mwenzetu mmoja kafikisha nusu tu, anasema atafanya vibarua huko huko. Yule wa pili hajui. Nataka kumjazia kwa akiba yangu bila kumwambia mtu. Mama naye analalamika kuwa hela hiyo ingenunua kiwanja. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nakwama pale pale, kwenye "bila kumwambia mtu".

Usimjazie kimya kimya. Wewe ni mtu wa mlima, utanielewa. Mgeni akianza kutapika na kuyumba pale kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, humfichi mwongozaji mkuu eti kundi lisije likavunjika. Unasema, mgeni anateremshwa usiku huo huo, wengine wanaendelea kupanda, na kesho yake mnakutana chini mkiwa hai wote.

Habari ya vibarua ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Viza ya utalii ya Thailand hairuhusu kufanya kazi, hata kuosha vyombo kwenye nyumba ya wageni. Akikamatwa ni faini, mahabusu na kurudishwa nyumbani, na nyinyi mtabaki mnahangaika naye kwenye mji ambao hata vibao vyake hamwezi kusoma. Halafu ofisa uhamiaji pale Bangkok anaweza kumtaka mgeni aonyeshe fedha za kujikimu. Mwenye viza ya utalii anatakiwa awe na baht 20,000, hela ya kwao. Mtapanga foleni pamoja, lakini dirishani mnasimama mmoja mmoja. Hela yote ikiwa kwenye pochi ya mweka hazina, mwenzako atajibu nini?

Na kuna jambo la moyoni. Niliwahi kumlipia rafiki nauli ya treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860, mwenzetu wa tatu asijue. Nilimwambia ni zawadi. Tulipopita Mbeya nilikuwa nahesabu kila anachonunua dirishani: chai, mahindi, ndizi. Nilikuwa namdai mtu asiyejua kuwa anadaiwa. Zambia tulifika hatusemezani, na yule wa tatu hakuelewa kosa lake ni lipi.

Kwa hiyo punguzeni safari. Nchi nne zenyewe ni nyingi. Huenda nusu aliyonayo ikamtosha Thailand na Laos. Kuna treni ya usiku kutoka Bangkok hadi Nong Khai, mji wa mpakani, mnavuka Mto Mekong kwenye daraja lililofunguliwa 1994, mnaingia Vientiane, mji mkuu wa Laos. Kutoka hapo reli mpya iliyoanza Desemba 2021 inawafikisha Luang Prabang kwa takribani saa mbili, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa barabara. Yeye anarudi nyumbani kutokea huko, nyinyi wawili mnaendelea Vietnam. Viza ya Vietnam mnaomba mtandaoni, ila mtaulizwa mtaingilia kituo gani. Mkiandika uwanja wa ndege wa Hanoi kisha mkatokea kwa basi mpakani, mnaweza kurudishwa. Hapo someni fomu pamoja, polepole.

Ukitaka kumsaidia, msaidie mbele ya wote watatu, na isemwe wazi kama ni zawadi au ni mkopo, na kama ni mkopo, tarehe ya kurudisha. Tiketi ya kurudi na hela ya dharura zisiingie kibubuni kabisa. Kila mmoja akae na vyake.

Aprili nayo iangalieni vizuri. Ndio mwezi wa joto kali kuliko yote Thailand, na tarehe 13 hadi 15 ni mwaka mpya wao, Songkran, nchi nzima inasafiri, treni na mabasi yanajaa. Wekeni nafasi mapema au ondokeni baada ya hapo. Chanjo ya homa ya manjano mchome angalau siku 10 kabla, na kadi zake msizisahau, maana Thailand wanazidai kwa wanaotoka kwetu.

Kwa mama sina maneno mengi. Mwonyeshe tiketi ya kurudi, mwachie nakala ya pasi yako, mwambie utakuwa unapiga simu siku gani. Kiwanja utanunua, bado una miaka mingi ya kupanda mlima.

Ila kikao cha watatu kisiwe cha kwanza. Nenda kwa rafiki yako peke yako, leo jioni ukiweza, si kwa ujumbe wa simu. Mwambie hutamlipia kwa siri, kisha mpe nafasi aseme mwenyewe mbele ya mwenzenu, asije akaumbuliwa na daftari lako. Akilia, kaa naye hadi amalize. Kikao kifanyeni kesho yake.