Muulize shangazi, baba alikufa kwa nini

Daktari aliniuliza swali dogo, nikashindwa kulijibu: "Mzee wako alifariki kwa ugonjwa gani?" Nina miaka 49. Nikamwambia, mgongo. Akaweka kalamu chini.

Kwetu Muheza ndivyo tulivyosema sote. Mzee kaharibu mgongo kwa kubeba matenga ya machungwa. Namkumbuka amekaa barazani, kanga ya mama kaikaza kiunoni, mama anamchua kwa mafuta ya mkaratusi. Usiku alitoka kukojoa mara nne, mara tano. Hilo tuliliita uzee.

Jioni ile nikampigia shangazi. Akanyamaza, kisha: "Mwanangu, baba yako alikuwa na ile ya tezi. Ikaingia kwenye mifupa. Alisema nyie wadogo msiambiwe." Karibu na kukata simu akaongeza kwamba bibi naye alikufa kwa kidonda cha titi.

Kumbe yote mawili yananihusu. Mwenye baba au kaka aliyeugua saratani ya tezi dume, hatari yake ni kama mara mbili ya mwenzake, na akiwa kaka ndiyo zaidi. Saratani ya titi nayo si habari ya wanawake peke yao: hitilafu ya jeni iitwayo BRCA2, inayoileta katika baadhi ya koo, mwanamume huirithi pia, na tezi yake huwa hatarini. Ongeza umri (chini ya 40 ni nadra, ukipita 50 inapanda haraka) na asili yetu. Uingereza huugua mwanamume 1 kati ya 8 katika maisha yake. Kwa weusi, 1 kati ya 4.

Tunayobishania kijiweni, mfano kwamba mwanamume kufunga uzazi kunaleta saratani hii, hayafikii uzito huo. Unene na sigara vina mchango, hasa katika kuufanya ugonjwa uwe mkali, kwa hiyo kitambi changu nimeanza kukishughulikia, polepole sana.

Tezi kukua kwa uzee si saratani, wala haigeuki saratani. Shida ni kwamba saratani ikiwa changa mara nyingi haina dalili, kwa hiyo usingoje mkojo usumbue. Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri uzungumze na daktari kuhusu kupima ukifika 50. 45 kwa weusi, au kama baba au kaka aliugua kabla ya 65. Na 40 kama waliougua hivyo ni zaidi ya mmoja.

Wengi wanakimbia kupima wakiogopa kidole cha daktari huko nyuma. Kipimo cha kuanzia ni damu tu, kiitwacho PSA, yaani protini inayotoka kwenye tezi dume. Siku mbili kabla usiendeshe baiskeli wala usikutane na mkeo, na kama una UTI itibiwe kwanza, maana vyote hupandisha namba bila saratani kuwepo.

Yangu ilitoka vizuri. Kilichonichelewesha ni kumpigia kaka, yuko Dodoma. Nilizunguka na habari za mvua, za watoto, ndipo nikasema.

"Mimi nilipima mwaka juzi," akajibu.

"Mbona hukuniambia?"

"Mzee alikataza."