Meksiko kuna maisha? Jibu kwa mnaotaka kuuza kiwanja mje

Wadogo zangu, maswali yenu yanafanana. Mmesikia kima cha chini cha mshahara Meksiko kimepanda zaidi ya mara tatu ndani ya miaka minane, viwanda vinahama China kuja huku, na nchi inaongozwa na mama wa chama cha mrengo wa kushoto anayesema maskini kwanza. Je, muuze kiwanja mje? Mliyosikia ni kweli, na jibu langu bado ni hapana, labda uwe na mkataba wa kazi mkononi kabla ya kupanda ndege. Huku kuna wafanyakazi walioandikishwa kwenye hifadhi ya jamii na wasioandikishwa. Karibu kila kizuri mnachokisikia ni cha walioandikishwa.

Tuanze na mshahara. Mwaka 2018 kima cha chini kilikuwa peso 88.36 kwa siku. Tangu Januari 2026 ni 315.04, yaani kama peso 9,580 kwa mwezi, na ukanda wa mpaka wa kaskazini, kwenye miji kama Tijuana na Ciudad Juárez, ni 440.87 kwa siku. Kwa nini kililala muda mrefu hivyo? Tangu mgogoro wa madeni wa 1982, serikali zilikuwa zinabana mishahara ili kuzuia bei zisipande. Halafu zilijifunga zenyewe: faini, marejesho ya mikopo ya nyumba, hata ruzuku za vyama vya siasa, vyote vilikokotolewa kwa kima cha chini. Ukikipandisha, na hayo yote yanapanda. Januari 2016 katiba ilirekebishwa, hesabu hizo zikahamishiwa kipimo kingine kiitwacho UMA. Kwa hiyo Rais Andrés Manuel López Obrador alipoingia Ikulu Desemba 2018 alikuta njia imeshasafishwa. Kuipita ilikuwa uamuzi wake na anastahili sifa, ila aliyesafisha ni mtangulizi wake, Enrique Peña Nieto, ambaye wapambe wa López Obrador hawapendi kumtaja.

Na vyama vya wafanyakazi vilichangia. Zamani kiwanda kiliweza kusaini mkataba na chama kabla hata hakijaajiri mtu wa kwanza, na mfanyakazi akawa anawakilishwa na viongozi asiowajua. Mkataba wa biashara na Marekani na Kanada, huku unaitwa T-MEC, ulidai kura ya siri. Sheria ya kazi ikabadilishwa 2019, na mikataba yote ya pamoja ikatakiwa kupigiwa kura kufikia 1 Mei 2023. Kwenye kiwanda cha General Motors cha Silao, jimbo la Guanajuato, wafanyakazi waliukataa mkataba wa chama cha zamani Agosti 2021, na Februari 2022 wakachagua chama kipya, SINTTIA.

Matokeo yapo kwenye takwimu. Mwaka 2018 waliokuwa kwenye umaskini walikuwa asilimia 41.9 ya watu. Mwaka 2024 walikuwa 29.6. Hao ni watu milioni 13.4 pungufu, na anayesema hakuna kilichofanyika anabisha tu. Lakini kipimo hichohicho cha taasisi ya takwimu, INEGI, kinaonyesha kwamba wasio na huduma ya afya walitoka asilimia 16.2 hadi 34.2 katika kipindi hichohicho. Bima ya watu wasio na ajira rasmi ilifutwa, taasisi iliyochukua nafasi yake 2020 nayo ikavunjwa 2023, na kazi ikapewa IMSS-Bienestar, shirika la serikali la kuwatibu wasio na bima. Mfuko wa mtu ulijaa kidogo, zahanati ikakosa dawa. Ndiyo maana watu wengi huku hutibiwa na daktari wa chumba kidogo kilichobanwa na duka la dawa.

Sasa IMSS yenyewe, taasisi ya hifadhi ya jamii. Chukulia NSSF na bima ya afya vikiwa chini ya paa moja. Mwajiri akikuandikisha unapata namba ya tarakimu 11, matibabu yako na ya familia, malipo ukiugua, fidia ya ajali kazini, akiba ya uzeeni, na asilimia 5 ya mshahara ambayo mwajiri anaiweka kwenye mfuko wa nyumba, Infonavit. Sheria ya kazi inakupa likizo ya siku 12 mwaka wa kwanza (kabla ya 2023 zilikuwa 6), posho ya likizo isiyopungua asilimia 25, bakshishi ya mwisho wa mwaka ya angalau siku 15 za mshahara kabla ya 20 Desemba, na mgawo wa asilimia 10 ya faida ya kampuni, unaolipwa kufikia mwisho wa Mei. Wiki ya kazi kwa miaka yote imekuwa saa 48, na lengo la serikali ni kuishusha hadi 40 ifikapo 2030. Zaidi ya nusu ya wanaofanya kazi nchini hawako kwenye mfumo huu. Muuza taco wa barabarani, fundi, dada wa kazi, hata vijana wengi wa ofisi ndogo: hizo siku 12 wanazisoma gazetini.

Kuandikishwa nako kuna mtego. Mwajiri anakuandikisha kwa kima cha chini, halafu sehemu kubwa ya mshahara anakupa pembeni. Mwezi wa kwanza unafurahi kwa sababu makato ni madogo. Ukivunjika mguu, malipo ya IMSS yanakokotolewa kwa kile kilichoandikwa. Pensheni vilevile, mkopo wa nyumba vilevile. Dawa yake ni rahisi: ingia kwenye tovuti au programu ya IMSS kwa namba yako, toa taarifa ya wiki ulizochangiwa, na linganisha mshahara ulioandikwa na ule wa kwenye mkataba. Fanya hivyo mwezi wa kwanza, usingoje mwaka wa tatu. Pia usisaini karatasi tupu siku ya kuanza kazi hata ukiambiwa ni utaratibu tu, maana siku ya kukufukuza itajazwa kuwa barua ya kujiuzulu, na aliyejiuzulu hapati kiinua mgongo cha miezi 3. Ukifukuzwa bila sababu una miezi 2 tu ya kudai, na unaanzia kituo cha usuluhishi kabla ya mahakama.

Mtauliza, serikali inayopendwa hivi inashindwaje kununua dawa? Kwa sababu ni maskini kuliko inavyoonekana. Kodi inayokusanywa Meksiko ni kama asilimia 17 hadi 18 ya Pato la Taifa, wakati wastani wa nchi wenzake wa OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, ni karibu 34. López Obrador hakupandisha viwango vya kodi kuu, alikaza ukusanyaji tu. Mrithi wake, Rais Claudia Sheinbaum, aliyeapishwa 1 Oktoba 2024, anafuata njia hiyohiyo. Upande wa matumizi kuna pensheni ya kila mwenye miaka 65 na zaidi, peso 6,400 kila miezi miwili kwa mwaka 2026, ambayo iko kwenye katiba na haifutiki kirahisi. Kuna Pemex, shirika la mafuta lililozaliwa na utaifishaji wa 1938, ambalo eneo lake kubwa la visima vya baharini, Cantarell, lilifika kilele 2004 na kuporomoka, na madeni yake bado yanabebwa na hazina. Kuna reli ya Tren Maya, kilomita zaidi ya 1,500, inayoendeshwa na jeshi. Jeshi huku sasa linasimamia treni, viwanja vya ndege na forodha, jambo ambalo mimi naliona la hatari kuliko maneno yote ya kushoto na kulia.

Siasa zao hamtapata shida kuzielewa. Chama kimoja, PRI, kilikaa Ikulu kuanzia 1929 hadi 2000, na rais aliyeondoka ndiye aliyenong'ona jina la mrithi. Rais anakaa muhula mmoja wa miaka 6, harudi. Morena, chama cha López Obrador na Sheinbaum, ilianza kama chama cha kupinga hayo, na leo ina wingi wa kutosha kubadili katiba. Iliitumia nguvu hiyo Septemba 2024 kufanya majaji wachaguliwe kwa kura. Kura ilipigwa 1 Juni 2025, wakajitokeza kama asilimia 13 ya wapiga kura. Kwa mwenye mgogoro wa mkataba au wa nyumba, maana yake inaweza kuwa jaji mpya kwenye kiti, mwenye jina lililopita kwenye karatasi ndefu ambayo wachache waliisoma.

Hapo kuna onyo kwa mgeni. Ibara ya 33 ya katiba inakataza wageni kujiingiza kwa namna yoyote kwenye siasa za nchi, na inampa rais uwezo wa kukufukuza baada ya kusikilizwa. Kwenye maandamano ya chama usiende, hata kama ni ya kumsifu rais.

Njia ya kuingia kihalali ni hii. Kampuni lazima iwe na cheti cha mwajiri kutoka idara ya uhamiaji, INM, kinachohuishwa kila mwaka. Yenyewe ndiyo inaomba kibali kwa jina lako, na ikikubaliwa unapewa namba ya shauri, NUT. Kwa namba hiyo unafanya usaili ubalozini. Kwa Wakenya na Watanzania ni ubalozi wa Meksiko Nairobi. Viza inatumika kuingia mara moja ndani ya siku 180. Ukishaingia una siku 30 za kuibadilisha kuwa kadi ya ukaazi, na hapa wengi huteleza: ofisa wa uwanja wa ndege akikugongea muhuri wa mtalii badala ya ule wa kubadilisha kadi, mlolongo wote unakwama. Soma muhuri kabla ya kuondoka dirishani. Kadi ya kwanza ni ya mwaka mmoja, unaihuisha hadi miaka 4, kisha unaomba ukaazi wa kudumu. Ukibadili mwajiri au anwani, toa taarifa ndani ya siku 90. Mwajiri naye anabanwa: kwa sheria angalau asilimia 90 ya wafanyakazi wake wawe raia, kwa hiyo biashara yenye watu watano haiwezi kukuajiri kihalali hata ikikupenda.

Mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen anaweza kuingia kama mgeni bila viza ya Meksiko, ila si kwa kazi ya kulipwa. Dalali anayewaambia "ingia hivyo, tutarekebisha ndani" anawauzia usumbufu.

Na wale wanaofikiria Meksiko kama kibaraza cha Marekani: wapo Wakongo na ndugu wengine wa Afrika waliopita Brazil na msitu wa Darién wakakwama Tapachula, karibu na mpaka wa Guatemala. Programu ya simu ya kuomba miadi kwenye mpaka wa Marekani ilizimwa 20 Januari 2025. Anayeomba hifadhi Meksiko kwa COMAR, idara ya wakimbizi, anatakiwa aombe ndani ya siku 30 za kazi tangu kuingia, na asitoke kwenye jimbo alikoombea hadi apate jibu. Tapachula iko Chiapas, ambako asilimia 66 ya watu ni maskini. Kazi ya kumngojea mgeni haipo.

Mweusi huku anaonekana. Raia zaidi ya milioni 2.5 walijitambulisha kuwa na asili ya Afrika kwenye sensa ya 2020, wakiwemo wa Guerrero, Oaxaca na Veracruz, lakini ofisa anayepanda basi kukagua haanzi na kitabu cha historia. Mahakama Kuu mwaka 2022 ilisema ukaguzi wa namna hiyo ndani ya nchi unavunja katiba. Beba kadi halisi, nakala haisaidii.

Usalama uulize kwa wilaya, nchi nzima ni swali pana mno. Mérida ni tulivu. Culiacán imekuwa vitani tangu Septemba 2024, baada ya kundi la wauza dawa kugawanyika. Guanajuato, yenye viwanda vya magari vinavyowavutia, ni miongoni mwa majimbo yenye mauaji mengi zaidi. Mwenye duka anadaiwa ada ya "ulinzi" na wahuni, kwa hiyo ndoto ya kufungua mgahawa wa pilau iingizeni na gharama hiyo.

Viwanda navyo vina mashaka yake. Zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje huenda Marekani, T-MEC ilipangwa kupitiwa upya mwaka 2026, na mwekezaji anayesubiri majibu haajiri. Monterrey iliishiwa maji 2022 hadi mabomba ya majumbani yakakauka, huku kila mtu akisifia viwanda vipya.

Ukipata kazi, tenga fedha za nyumba mapema: kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya mwezi mmoja, na mdhamini mwenye nyumba yake katika jiji hilohilo, au malipo ya bima ya kisheria kama huna mdhamini. Roma na Condesa, mitaa ya picha mnazoziona Mexico City, kodi ya mwezi ya nyumba ndogo inazidi kima cha chini cha mwezi mzima. Treni ya chini ya ardhi ni peso 5. Na mshahara wako ni wa peso, wakati nyumbani wanapokea shilingi kupitia dola: Aprili 2024 dola moja ilikuwa chini ya peso 17, mwisho wa mwaka huohuo ilivuka 20. Ukiahidi ada ya shule ya mdogo wako, ihesabu kwa 20.