Bimkubwa kaacha warfarini kwa kuambiwa ni sumu ya panya: jibu la mgonjwa mwenzake

Mwanangu wa Sakina, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema mama ana miaka 63, ana presha na sukari, mwezi uliopita kapimwa umeme wa moyo akaambiwa mapigo hayana mpangilio (wenyewe wanaita atrial fibrillation), akaandikiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Jirani kamwambia hiyo ni sumu ya panya, naye kaacha. Sasa anatafuna kitunguu saumu na kumeza aspirini kila asubuhi, na anasema yuko sawa. Unauliza kama kuna dawa mpya zisizo na usumbufu wa kupima damu, na kama kuna operesheni ya kuumaliza huu ugonjwa.

Mimi si daktari. Ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi, na huu ni mwaka wa tisa naishi na hayo mapigo.

Kwanza jirani hajadanganya. Warfarini ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, ikaja kuruhusiwa kwa binadamu miaka ya hamsini. Rais Eisenhower wa Marekani alipewa mwaka 1955 baada ya kupata shambulio la moyo, na aliendelea kutawala. Mwambie mama hivyo, kwangu ilisaidia kuliko mihadhara yote ya manesi. Tofauti ya panya na sisi ni kipimo, na ndiyo maana hawatuachi bila kupima damu.

Pili, hilo la "niko sawa". Hapo ndipo mimi nilipoteleza, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Moyo wenye shida hii, vyumba vyake vya juu havikazi, vinatetemeka tu. Ni kama cherehani iliyolegea mkanda: unakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inarukaruka bila kushona. Damu inatuama kwenye kifuko kidogo cha chumba cha juu kushoto, inaganda, halafu donge linachomoka na kupanda kichwani. Mtu mwenye mapigo haya ana hatari ya kupata kiharusi mara tano hivi kuliko asiye nayo. Ile atenololi au bisoprololi au digoksini anayopewa ni ya kupunguza mbio za moyo, na hiyo utaiona kazi yake, kifua kinatulia. Warfarini haitulizi kitu unachokisikia. Inalinda kichwa. Ndiyo maana ni rahisi kuiacha, maana siku ukiiacha huoni tofauti yoyote.

Mimi niliiacha Desemba moja. Watu wamepanda kutoka Dar, nyumba imejaa, mbege ipo, na mimi najisikia binti. Nikasema nitarudi kwenye vidonge baada ya sikukuu. Katikati ya Januari nilikuwa nakata kitambaa cha gauni la sendofu, hariri ya watu ya bei mbaya, mkasi ukaanguka. Nikauokota kwa mkono wa kushoto, nikauweka mkono wa kulia, ukaanguka tena. Nikamtazama binti ninayemfundisha kazi, nikataka kumwambia "nishikie", ikatoka "nishi, nishi". Akacheka, akidhani namtania. Kama dakika ishirini hivi mkono ule haukuwa wangu, halafu ukarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hospitali wakaniambia ni kiharusi cha kupita, kimekuja kubisha hodi. Gauni lilikuwa na mkato mmoja kiunoni, nikalifunika kwa ua. Bibi harusi hakujua.

Sasa aspirini. Hili liliulizwa na wataalamu wenyewe, maana na wao kwa miaka mingi walikuwa wakiwapa aspirini wagonjwa wasioweza warfarini. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa karibu 5,600 wa namna hiyo, nusu wakapewa aspirini na nusu apiksabani, ambayo ni mojawapo ya hizo dawa mpya unazoulizia. Wa apiksabani walipata kiharusi chini ya nusu ya wenzao, na kutokwa damu kubaya hakukupishana sana. Leo miongozo ya Ulaya haikubali aspirini kama kinga ya kiharusi kwa ugonjwa huu. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri cha pilau. Kikimezwa kwa wingi juu ya warfarini kinaweza kuzidisha kutokwa damu, basi daktari aambiwe.

Dawa mpya zipo: dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Hazihitaji INR, kile kipimo cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, hazigombani na mboga za majani, na kwa wagonjwa wengi zinasababisha damu kuvuja kichwani mara chache kuliko warfarini. Lakini kabla hujamtuma mtu yeyote famasi, muulize daktari swali moja: valvu za mama, ile milango ya ndani ya moyo, zikoje? Amepimwa eko, ile ultrasaundi ya moyo?

Nakuambia kwa sababu mimi valvu yangu ya kushoto imebana. Nilipokuwa mtoto kule Kibosho nilikuwa naumwa koo na viungo kila mara, tukanywa dawa za mizizi, ikaisha hivyo. Kumbe ile ilikuwa homa ya rumatiki, na ilikuwa inakula valvu polepole. Wagonjwa wa aina yangu ni wengi Afrika kuliko Ulaya. Basi binamu yangu aliye Ujerumani akanitumia boksi la rivaroksabani, nikaenda nalo kliniki najidai. Daktari akaliweka pembeni. Akanieleza utafiti uliotolewa mwaka 2022, wagonjwa zaidi ya 4,500 wa valvu zilizoharibiwa na homa hiyo, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Waliokuwa kwenye dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, na hawakutokwa damu zaidi. Kwa hiyo ya zamani ndiyo inayonifaa. Niliumia, si kidogo, maana boksi lile lilikuwa na bei ya cherehani.

Kama eko ya mama itaonyesha valvu haijabana na hana valvu ya chuma, uwanja ni wake, azungumze na daktari kuhusu apiksabani au rivaroksabani. Apimwe figo kwanza, hasa kwa kuwa ana sukari. Na ajue kwamba hizi zinaisha mwilini ndani ya siku moja hivi. Apiksabani ni asubuhi na jioni, rivaroksabani ni mara moja pamoja na chakula. Ukisahau ya leo, umebaki bila kinga leo hii. Ukiona hela itakatika baada ya miezi miwili, warfarini inayopatikana kila mwezi ni bora kuliko apiksabani ya mwezi mmoja. Hayo ni maoni yangu, wengine humu watanipinga.

Usije ukadhani labda hatari yake ni ndogo hata hahitaji chochote. Wana hesabu yao ya pointi. Presha moja, sukari moja, ameshafika mbili, na kwa pointi mbili wanashauri dawa. Akitimiza 65 inaongezeka ya tatu. Zamani mwanamke alipewa pointi kwa kuwa mwanamke tu, Ulaya wameiondoa hiyo mwaka 2024.

Akibaki na warfarini, INR inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Nina daftari la kaunta, kurasa zimechorwa mistari: tarehe, INR, vidonge vingapi, nilikula nini cha ajabu. Mboga hawajanikataza. Mnafu nakula, mchicha nakula, kisamvu nakula, ila kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Tatizo ni kukaa wiki mbili kwa nyama na ndizi halafu ukarudi kwenye mnafu bakuli zima. Kuna kipindi hospitali niliyokuwa naenda vitendanishi viliisha, nikawa naambiwa njoo wiki ijayo mpaka mwezi ukaisha. Sasa nauliza kwa simu kabla ya kupanda daladala.

Kilichonitesa zaidi ni famasi. Nilikwenda na tumbo, kijana akanipa Flagyl bila kuniuliza natumia nini, na mimi sikusema. Siku ya sita damu ya pua haikati, nimeshika kanga ya pili imelowa. INR ilikuwa 6.8. Flagyl, Septrin na dawa za maumivu kama dikilofenaki, za kumeza au za sindano, zote zina ugomvi na warfarini. Sasa nina kikadi kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho: NATUMIA WARFARINI. Nakitoa famasi, nakitoa kwa daktari wa meno, hata zahanati wakishika sindano.

Operesheni, kwa ufupi. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wanaunguza au kugandisha sehemu mishipa ya mapafu inapoingilia. Wafaransa wa Bordeaux ndio walioonyesha mwaka 1998 kwamba fujo nyingi huanzia hapo. Siku hizi kuna njia ya mapigo ya umeme mafupi yasiyochoma, Marekani waliipitisha mwisho wa 2023. Inasaidia wengi kutulia, lakini mapigo yanaweza kurudi, na mwenye pointi kama za mama anaendelea na dawa ya kuzuia damu kuganda hata baada ya hapo. Ukitaka njia hiyo, omba rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar, wamtathmini.

Na mtu asikuambie huu ni ugonjwa wa wazungu. Hapa jirani, wilaya ya Hai, waliwahi kuwapima wazee zaidi ya 2,200 wa miaka 70 na kuendelea wakakuta 15 wana mapigo haya. Wachache, ndiyo, lakini wapo.

Kwa hiyo kesho usimwanzishie mwenyewe vile vidonge vilivyobaki. Mpeleke alikoandikiwa, beba maboksi yote pamoja na aspirini, na umwambie daktari ukweli kwamba aliacha tarehe fulani. Uliza eko, figo, na tezi ya shingo, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi nayo inaleta mapigo haya. Akiona choo cheusi kama lami, au akianguka akagonga kichwa, au mdomo ukapinda, usisubiri asubuhi.

Majibu ya eko yakitoka rudi hapa utuambie valvu zikoje. Mimi Jumanne nina zamu ya kutolewa damu, nikirudi nitachungulia uzi huu kabla sijawasha pasi.